Muhtasari Kwenye Mlango wa Kabati

Mimi maneno mengi hunipa homa. Mtu akianza kunieleza jambo kwa kulizunguka, miguu yangu huanza kucheza chini ya meza, na akifika katikati nimeshajua anakokwenda na ninamsubiri huko kwa hasira. Nadhani nilizaliwa nifundishe ufupisho. Kwa miaka kumi na minne nimewafundisha watoto wa darasa la saba kuchukua ukurasa mzima wa habari na kuubana mpaka uwe mistari mitano, kisha kuchukua habari tatu za watu watatu tofauti na kuziunganisha ziwe aya moja. Walimu wenzangu wanaikimbia mada hiyo. Wanasema watoto hunakili tu, wakichoka wanaacha, halafu wanasema huo ndio muhtasari.

Mimi nina kanuni yangu, sikuitoa kwenye kitabu chochote. Naiita Futa Nne. Futa mifano. Futa marudio. Futa tarakimu. Futa majina yaliyozidi. Nikipiga meza kwa rula darasa zima huiimba, hata yule anayesinzia nyuma mdomo wake hutikisika. Mkaguzi mmoja aliwahi kuja akaisikia, akaiandika kwenye daftari lake, na tangu siku hiyo kichwa kilinivimba kidogo. Sikatai.

Lakini mwezi ninaousimulia nilifundisha huku roho iko juu. Mama alikuwa ametoka hospitali. Alilazwa kwa ajili ya moyo na presha, akatoka akitembea mwenyewe, anawatania wauguzi kwamba chakula chao kingemuua kabla ya presha. Siku nne za mwanzo alikuwa mzima. Baada ya hapo akaanza kurudi nyuma. Akisimama, kizunguzungu. Akikaa, usingizi. Ukimshika mkono ni baridi, wakati nje jua linawaka. Nikiwa ubaoni namwona yeye. Nikikaa, nasimama tena. Watoto walinizoea, walikuwa wananifuata kwa macho, huku na huku katikati ya madawati, mpaka wengine nadhani shingo ziliwauma.

Aliyekuwa anabaki na Mama ni mdogo wangu. Yeye ni fundi cherehani, anashonea nyumbani, sebuleni, hatua sita kutoka kitanda cha Mama. Hakusoma sana, na hilo halikuwa kosa lake, ila nakiri kwamba mimi nililichukulia kama kosa lake. Kazi ya kumpa Mama dawa ilikuwa yake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo. Kazi ya kumpangia ilikuwa yangu kwa sababu mimi ndiye mwalimu.

Karatasi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilitoka hospitali siku Mama aliporuhusiwa. Ya pili ilitoka kliniki siku ya nne, tulipompeleka kwa uchunguzi, akamwona daktari mwingine. Ya tatu ni kile kikaratasi cha maelezo kilichokuwa ndani ya kisanduku cha dawa tulizochukua baada ya kliniki, kimekunjwa mara nane, kimeandikwa herufi za kusomwa na sisimizi. Jioni ya siku ile ya kliniki nilikaa mezani na karatasi zote, kalamu mkononi, nikafanya kazi ninayoijua. Nilifuta, nikafuta, nikafuta. Nilipomaliza nilikuwa na mistari mitano, nikaiandika kwa kalamu nene na kuibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo:

Asubuhi: kidonge cheupe, kimoja.
Saa saba mchana, baada ya kula: kidonge cha njano, kimoja.
Jioni: kapsuli ya rangi mbili, moja.
Chumvi kidogo sana.
Asilale bila kula.

Mdogo wangu alisimama mbele ya kabati, sindano mbili zimechomekwa kifuani kwenye gauni lake, akasoma taratibu.

"Dada, mbona hakuna majina ya dawa?"

"Majina ya nini? Unataka kuyaita yaje?"

Mama alicheka kutoka chumbani. Mimi pia nilicheka. Mdogo wangu hakucheka, alirudi kwenye cherehani yake.

Mama alivyozidi kudhoofika, mimi nilizidi kumwandama mdogo wangu. Nilikuwa nampigia simu kila kipindi kinapoisha. Umempa? Saa ngapi? Alikuwa amekula? Una hakika? Cherehani ile ikianza kunguruma yeye hasikii dunia, na mimi niliamini kabisa kwamba anasahau. Alhamisi nilirudi nikamkuta Mama amelala, midomo imepauka, na mdogo wangu akaniambia kidonge cha mchana alimpa saa saba na nusu, si saa saba. Damu ilinichemka.

"Mistari mitano tu imekushinda! Mtoto wa darasa la saba angeifuata. Sasa sikia, Mama akifa, umemuua wewe na uzembe wako."

Alikuwa anafumua mshono wa suruali ya mtu, akaendelea kuufumua. Baada ya hapo tuliishi nyumba moja kama wapangaji. Jumanne asubuhi, nikiwa mlangoni na mkoba wangu, ndipo akasema neno lake la kwanza la maana tangu siku ile.

"Dada, leo ukinipigia simu, sipokei. Dawa nitampa, tena kwa saa. Niache nifanye kazi."

Sasa turudi shuleni, maana Jumatatu, siku moja kabla, nilikuwa nimefanya jambo ambalo nililiona la werevu mkubwa. Kitabu chetu kina habari tatu za kuunganisha, zote kuhusu umuhimu wa misitu, na nimezisoma kwa miaka kumi na minne mpaka naota miti. Watoto wamezichoka, wanarithishana majibu kutoka kwa kaka zao. Nikasema wacha niwape matini halisi. Nilitoa nakala za karatasi za Mama, jina lake nikalipaka wino mweusi, nikawaambia: huyu ni Mgonjwa, hizi ni karatasi zake tatu, waandikieni watu wa nyumbani kwake muhtasari mmoja wa mistari mitano. Sikuwaambia ni nani. Ukweli mwingine sikumwambia mtu yeyote: jibu la kusahihishia nilikuwa nalo tayari, liko kwenye mlango wa kabati.

Walilifurahia zoezi. Waliona ni kazi ya watu wazima. Dawa ya presha kwenye karatasi ya hospitali ilikuwa na jina refu lisilotamkika, wakashindana kulitamka, vicheko, mate yakaruka. Ile ya kliniki ilikuwa na jina fupi tu, kama la mwanasesere. Mwishowe wakakubaliana kuziita Jina Refu na Jina Fupi ili tuendelee.

"Haya, majina haya yote tunayafanya nini?" nikauliza, rula juu.

"Tunafuta!"

"Kwa kanuni ya ngapi?"

"Ya nne!"

Wote waliitikia isipokuwa msichana mmoja anayekaa dirishani, safu ya pili. Wenzake walimpa jina la Gazeti kwa sababu muhtasari wake huwa mrefu kuliko habari yenyewe. Gazeti hajawahi kutupa neno. Ukimpa aya ya maneno mia akuletee thelathini, atakuletea mia na ishirini, na ukimuuliza atakueleza kila neno lina kazi gani. Nimegombana naye mwaka mzima. "Mwalimu," huwa ananiambia, "kama halina kazi, aliyeandika aliliweka la nini?" Ni swali ambalo humaliza kipindi. Jumatatu hiyo sikutaka ubishi, nilimpita.

Nilisahihisha jioni nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda cha Mama, daftari mapajani, jicho moja kwenye kifua chake kuona kinapanda na kushuka. Wengi walikuwa wamepatia. Cheupe asubuhi, cha njano mchana, kapsuli jioni. Nane kwa kumi, tisa kwa kumi. Wawili waliandika mistari ileile yangu karibu neno kwa neno, nikajisikia vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile. Daftari la Gazeti likaja na ukurasa mmoja na nusu. Amechora jedwali. Ameandika majina yote na miligramu zote. Sikufika mwisho. Nasema ukweli, nilisoma nusu ya ukurasa wa kwanza nikachoka, nikaandika kwa wino mwekundu: Ndefu mno. Majina na tarakimu havihitajiki. Nne kwa kumi.

Jumanne niliwarudishia madaftari kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko ya mchana. Kengele ilipolia saa sita na dakika kumi na tano nilikwenda chumba cha walimu, na kabla sijaketi Gazeti alikuwa amesimama mlangoni, daftari amelikumbatia.

"Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya alama zangu."

"Alama zako ziko kwenye daftari."

"Umeninyima kwa sababu nimeandika majina. Lakini bila majina jibu linakuwa la uongo."

Neno hilo lilinichoma. Nilikuwa na simu mkononi, nilishampigia mdogo wangu mara mbili toka asubuhi, na kweli hakupokea. Sikuwa na subira ya kubishana na mtoto.

"La uongo? Darasa zima limeandika uongo?"

"Ndiyo, Mwalimu," akasema kwa adabu kabisa.

Nikamwonyesha kiti. Hakukaa. Alifungua daftari mezani kwangu, na kando yake akatandaza nakala zile tatu, zimechorwa mistari ya penseli mpaka hazina mahali peupe.

"Karatasi ya hospitali inasema asubuhi apewe Jina Refu, kidonge cheupe, miligramu hamsini. Karatasi ya kliniki inasema saa saba mchana apewe Jina Fupi, kidonge cha njano, miligramu hamsini. Ukizisoma mojamoja hazina tatizo."

"Enhe."

"Sasa hiki kikaratasi cha kwenye kisanduku. Geuza nyuma. Chini kabisa, Mwalimu, hapa." Kidole chake kilikuwa na doa la wino. "Kinasema Jina Fupi ni jina la kiwandani tu. Dawa yenyewe iliyomo ndani ni Jina Refu. Miligramu hamsini."

Nilisoma. Nikasoma tena. Nilipata shida kuona, nikadhani ni herufi.

"Ni dawa moja," Gazeti akaendelea. "Daktari wa kliniki hakuongeza dawa. Alibadilisha saa, kutoka asubuhi kwenda mchana. Hapa juu ameandika 'mabadiliko ya muda', ila hakusema muda wa nini. Ukifuta majina unapata vidonge viwili, cheupe na cha njano. Ukiyaacha, unapata kimoja. Wewe ulisema tuunganishe, Mwalimu. Mimi ndivyo nilivyounganisha."

"Nani kakusaidia?"

"Hakuna. Nilisoma mpaka mwisho." Akafungua ukurasa wa pili wa daftari lake, ule ambao sikuufikia. "Na nikaandika pia akizidishiwa itakuwaje, maana watu wa nyumbani lazima wajue. Kizunguzungu. Usingizi. Mikono kuwa baridi. Mapigo ya moyo kwenda polepole. Na hapa wanasema moyo unaweza kusimama."

Orodha hiyo niliiona mimi jioni ile mezani kwangu. Niliiona kwa macho yangu. Niliifuta kwa kanuni ya kwanza, kwamba ni mifano.

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa sita na dakika ishirini na tano. Nilipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikaandika ujumbe: USIMPE KIDONGE CHA NJANO. Nikautuma mara tatu, huku najua simu ya mdogo wangu iko kwenye droo ya cherehani chini ya vitambaa, kwa sababu yangu. Jirani zetu wa kulia na kushoto wote huwa kazini saa hizo. Nikapiga tena.

"Mwalimu," Gazeti akaniuliza kwa sauti ndogo, "huyo mgonjwa ni mtu kweli?"

"Ni mama yangu."

Alinitazama, kisha akazikusanya zile karatasi tatu haraka haraka na kunitia mkononi.

"Kimbia," akasema.

Makamu wa mwalimu mkuu alinikamata langoni. Shule yetu ina kitabu cha kutoka, na makamu anakitunza kuliko anavyotunza watoto. Mwalimu yeyote anayetoka kabla ya saa nane lazima aandike jina, saa na sababu, kisha asubiri sahihi yake.

"Mwalimu, taratibu. Unakwenda wapi na kipindi cha saba ni chako?"

Nilichukua kalamu. Nafasi ya sababu ilikuwa nyembamba, nikaandika Mama. Aliangalia neno lile, akaniangalia mimi, akataka kuuliza. Mimi nilikuwa nimeshavuka barabara, viatu mkononi.

Kutoka shuleni mpaka kwetu ni mwendo wa dakika arobaini na tano kwa mguu wa kawaida, na teksi huwa hazipiti upande huo. Sikuwa nimekimbia tangu ujana wangu. Watu walinipisha, mwingine akacheka, mama mmoja akaniuliza kwa sauti kuna nini mbele huko. Kichwani nilikuwa napiga hesabu ambayo sikuitaka: tangu kliniki ni siku saba, kila siku kidonge kimoja cha ziada, na leo cha nane. Njiani nilisimama mahali pamoja tu, kwenye duka la dawa tulilochukulia kile kisanduku. Nilipita foleni yote, nikamsukumia mfamasia karatasi dirishani.

"Hizi dawa mbili ni dawa moja?"

Alitazama, hakuhitaji hata dakika. "Ni ileile. Mgonjwa anapewa zote mbili?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?" Kisha alipouona uso wangu akaacha kuuliza. "Asimeze nyingine. Mpelekeni kliniki sasa hivi, wakampime mapigo. Sasa hivi, si kesho."

Nilifika nyumbani nikiwa sina pumzi. Cherehani ilikuwa inanguruma, niliisikia tangu kwenye kona. Mdogo wangu aliposikia mlango alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akageuka na uso wa mtu aliyejiandaa kwa ugomvi. Kwenye stuli kulikuwa na sahani iliyoliwa nusu na bilauri tupu.

"Kabla hujasema," akaanza, "leo nimempa saa saba kamili. Nilitega saa. Sikuchelewa hata dakika moja. Haya, sema sasa."

Ilikuwa saa saba na dakika tano.

Nilipita nikaingia chumbani. Mama alikuwa amelala chali, shuka mpaka shingoni. Mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko jana. Nilimwita mara tatu ndipo akafungua macho, taratibu, kama anayeinua kitu kizito.

"Mwalimu," akasema. Huniita hivyo akitaka kunitania. "Shule imeungua?"

"Twende kliniki, Mama."

"Nimechoka, mwanangu. Niache nilale kidogo."

Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, ugomvi ukamtoka usoni. Alikimbia mpaka barabara kuu na kurudi na teksi. Tulimbeba Mama tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani kwa mdogo wangu. Mimi nilikaa mbele nikimhimiza dereva kila taa, na kila nikigeuka namwona mdogo wangu anampapasa Mama shavu ili asisinzie.

"Dada," akasema tukiwa tumesimama kwenye taa nyekundu. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Nilimpa kama ulivyoandika. Sikukosea rangi. Nilimpa vilevile kama ulivyoandika."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na karatasi zote tatu mkononi, zimelowa jasho. Niligeuka mbele nikatazama ile taa. Mpaka leo naona haya kwa kimya kile kuliko kwa kosa lenyewe.

Kliniki walimpokea haraka. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, alimshika Mama mkono, akatazama saa yake, akarudia. "Thelathini na nane," akamwambia daktari, na daktari akaacha alichokuwa anakifanya. Walimwingiza chumba cha ndani, wakamfunga nyaya kifuani, wakamchoma sindano. Sisi tulisimama kwenye korido. Mdogo wangu alikuwa bado na futi ya kupimia shingoni. Mimi nilitembea. Kutoka dirisha mpaka mlango ni hatua kumi na moja, na nilizitembea mpaka mgonjwa mmoja kwenye benchi akaniomba nikae, namtia kizunguzungu.

Baada ya saa nzima daktari alitoka. Alisema mapigo yamepanda yamefika arobaini na sita, yanaendelea kupanda, atalala pale siku mbili na dawa yote ya presha imesimamishwa kwa sasa. Alisema tungengoja siku nyingine mbili tatu tungekuwa tunazungumza mengine. Kisha akaenda zake, na muuguzi akaja na ubao wa kuandikia na fomu.

"Dawa amezidishiwa. Lazima nijaze hapa ilivyotokea. Nani huwa anampa?"

"Mimi," mdogo wangu akasema.

"Ulikuwa unampa zote mbili?"

"Ndiyo. Kosa ni langu." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali, macho chini, na nilijua tangu lini alikubali. Alikubali Alhamisi, pale nilipomwambia.

Muuguzi akavaa miwani. "Haya, nieleze kwa kifupi."

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Na kwa kifupi siwezi."

Muuguzi aliinua macho. Nadhani alikuwa amechoka, zamu yake inaisha, na hakutaka hadithi. Nilimpa hadithi. Nilianza na karatasi ya kwanza, jina la dawa herufi kwa herufi, miligramu, tarehe. Nikaja ya pili, vivyo hivyo. Nikaja ya tatu, nikaigeuza nyuma, nikamwonyesha mstari wa chini. Nikaeleza jinsi nilivyokaa mezani nikayafuta majina, nikaifuta orodha ya dalili, nikabandika mistari mitano kwenye kabati na kumwamrisha mwenzangu aifuate. Nikaeleza kwamba aliniuliza majina yako wapi, nikamfanyia mzaha. Nikaeleza kwamba jibu sahihi liliwekwa mkononi mwangu jana jioni na mtoto wa darasa la saba, nikalipa nne kwa kumi bila kulisoma. Mdogo wangu alikuwa ameinua uso. Sikumtazama, kwa sababu nilikuwa bado sijafika Alhamisi.

Nilifika Alhamisi. Nilisema maneno yale kama nilivyoyasema, yote, mpaka neno la uzembe.

Kalamu ya muuguzi ilisimama. "Na hilo nalo niandike?"

"Liandike."

Hakuliandika, naamini. Alitazamana na mdogo wangu kidogo, akageuza fomu, akachomoa karatasi nyingine mpya iliyopigwa mhuri.

"Haya ni maelekezo mapya, ataanza kuyafuata akitoka. Nimkabidhi nani kati yenu?"

"Yeye," nikasema.

Mdogo wangu aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Niliona anatafuta pa kuanzia. Kisha akaanza kusoma, kwa sauti, pale pale kwenye korido, kidole kikifuata mstari: jina la kliniki, tarehe, jina kamili la Mama, umri. Alisoma polepole sana. Alipofika kwenye jina la dawa alikwama, akalikata vipande, akarudi nyuma, akajaribu tena. Mimi nilikuwa nimeshaisoma karatasi nzima juu ya bega lake, kila neno nalijua kabla hajalifikia, na ulimi uliniwasha. Niliuuma. Alilitamka jina lile mara ya tatu, sawasawa, akavuta pumzi.

"Umesikia, Dada?"

"Nimesikia. Endelea."

Akashuka mstari unaofuata, na unaofuata, mpaka chini kwenye sahihi ya daktari. Kisha akaigeuza karatasi kuangalia kama nyuma kuna kitu. Kulikuwa na maandishi, tena madogo. Akaisogeza karibu na dirisha, mimi nikasogea naye, akaanza upya.